Sakafu Isiyokauka

Lodwar, shati hukauka kabla hujamaliza kuanika la pili. Ndiyo sababu Wanjugu alisimama muda mrefu mlangoni mwa bafu jipya Jumatatu ile mchana, ndoo tupu mkononi, akitazama chini. Mume wake alikuwa amemaliza kuilaza sakafu hiyo Jumamosi. Hakuna aliyeoga tangu asubuhi, na pipa halikuwa na tone. Mawe kumi na moja yalikuwa yamepauka kwa vumbi, ya moto kiasi cha kuunguza nyayo. La kumi na mbili, lile la katikati, lilikuwa jeusi na limelowa.

Akachuchumaa, akaligusa. Lilikuwa baridi. Aliponusa vidole vyake vilinuka matope ya chini kabisa ya kisima, mahali ambapo jua halijawahi kufika.

Jioni Mureithi aliporudi kazini, alimwambia.

"Simenti haijashika," Mureithi akasema, bila kwenda kutazama. "Itakauka."

Wanjugu hakubisha. Mureithi alikuwa fundi wa pampu za visima vya serikali, na mambo ya simenti, mabati na misumari yalikuwa yake. Lakini alishangaa kidogo. Mume wake hakuwa mtu wa kuambiwa kuna kasoro kwenye kazi ya mikono yake akakaa kitini.

Walikuwa wametoka Nyeri mwaka wa 1972, yeye, Mureithi na binti yao Mugure, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na alikuja amelala juu ya magunia ya mahindi kwenye lori kutoka Kitale. Aprili ya mwaka wa 1974, baada ya mvua, malaria ilimpanda Mugure kichwani. Siku tatu tu. Barabara ya Kitale ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kumpeleka kuzikwa kwao. Wakamzika Lodwar, nyuma ya misheni, kwenye ardhi ngumu iliyowashinda wachimbaji wawili mpaka Mureithi mwenyewe akashuka shimoni na sururu.

Tangu siku hiyo Mureithi hakukaa na mikono mitupu. Kila Jumamosi nyundo ililia nyuma ya nyumba. Alijenga banda la kuku, nao hawakuwa na kuku. Alijenga rafu, akajenga nyingine juu yake. Alisimamisha kivuli cha makuti ya mikoma, akatengeneza meza ya ufundi yenye jiliwa la kubania mbao, akanyoosha ua wote kwa kamba na timazi. Siku moja Wanjugu alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda cha mtoto kimefunguliwa, mbao zimepigwa randa, zimekuwa benchi.

"Mbao nzuri zilikuwa zinakaa bure," Mureithi alimwambia.

Wanjugu aliingia ndani akalala kifudifudi mpaka jioni. Hakumlaumu. Aliona kwamba mume wake akiacha kupiga nyundo ataanguka. Hata jina la mtoto alikuwa ameacha kulitaja. Yeye Wanjugu bado alimwita Baba Mugure, lakini Mureithi hakumwita tena Mama Mugure. Alimwita Wanjugu tu, kama siku walipojuana.

Bafu lilikuwa kazi ya mwaka wa 1976. La zamani lilikuwa uzio wa mikeka na sakafu ya tope, na Mureithi alikuwa ameahidi mawe. Mawe yenyewe aliyapata Kakuma.

Alikuwa ametumwa kutengeneza pampu huko, pamoja na dereva wake, Ethuro, Mturkana wa Kakuma. Wakiwa njiani kurudi, walikatisha kandokando ya Tarach, ule mto wa mchanga ambao maji huyaona siku chache tu kwa mwaka. Mureithi akaona rundo la mawe meusi, bapa, mazuri kama yaliyochongwa, yamepangwa duara juu ya mchanga. Akasema gari lisimame.

Ethuro alisimamisha Landrova, lakini hakushuka.

"Mzee, hii mawe wacha," alisema.

"Kwa nini? Ni kaburi?"

"Si kaburi."

"Ni ya nani basi?"

"Mimi sijui. Nilikuwa bado kuzaliwa. Lakini mawe haipandani yenyewe, mzee. Kuna mtu iliweka."

Mureithi alicheka kidogo, akapakia mwenyewe mawe kumi na mawili ya juu. Ethuro alishika usukani akitazama mbele, na njia nzima mpaka Lodwar hakusema neno, yeye ambaye kwa kawaida aliimba.

Wiki moja baadaye, Jumamosi, Mureithi aliyalaza. Wanjugu alikuwa sokoni. Aliporudi alimkuta mume wake ameketi chini ndani ya bafu, mwiko mkononi, simenti imeganda kwenye karai, macho yamekuwa mekundu.

"Una nini?"

"Jua," Mureithi akasema. "Jua limenipiga."

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Jumatano, siku mbili baada ya kuliona lile jiwe, Wanjugu alikuwa amejilaza ndani, saa nane mchana, saa ambayo Lodwar nzima hufunga milango na hata mbuzi hawatembei, aliposikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba. Kikombe kimoja. Kimya. Kikombe kingine. Kisha mtu akapuliza maji puani, kama apulizavyo mtoto anayeogeshwa.

Alitoka bila viatu. Bafu lilikuwa tupu. Jiwe la katikati lilikuwa linang'aa, na kutoka jiwe hilo mpaka kizingitini zilikwenda nyayo tatu za maji, ndogo, za mguu usiofika shibri moja. Alizitazama zikikauka, kwanza kisigino, halafu vidole, kimoja kimoja.

Siku ya pili alikaa pale pale akingoja, na saa nane ilipofika sauti ikatoka kwenye pembe ya bafu.

"Mama, maji yameingia machoni."

Ilikuwa sauti ya Mugure. Haikufanana nayo, ilikuwa ni yenyewe, na ule mkwaruzo mdogo uliobaki kooni mwake baada ya kikohozi cha mwaka wa kwanza. Mtu mwingine angekimbia. Wanjugu aliinua pindo la leso yake, akalinyoosha mbele, hewani, pale sauti ilipotoka, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka miwili:

"Njoo nikufute."

Na pindo likalowa.

Kuanzia hapo Wanjugu alikuwa na kazi. Kila alfajiri alikwenda na wanawake wengine mtoni Turkwel kuchota maji kwenye mashimo ya mchanga, akarudi mara tatu, mara nne. Mchana alifunga mlango wa bafu akamwogesha mtoto. Alizungumza naye, akamwimbia. Ile sauti ilisema mambo machache tu, yale yale aliyoyasema Mugure, na mara zote ilitaka maji zaidi. Ndoo ilikuwa haitoshi, likatakiwa pipa, na maji yote yalipomwagwa kwenye lile jiwe hayakutoka nje kwenye mfereji ambao Mureithi aliuchimba. Yalikwenda chini.

Wanjugu alianza kukonda. Chakula kilimshinda kumeza. Ngozi ya mikono yake ilijikunja na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyefua kutwa, na haikurudi kuwa kavu hata alipolala. Shuka zao zilinuka tope. Mureithi aliyaona yote hayo, akashika nyundo. Alianza kujenga banda la pili la kuku.

Jumatatu iliyofuata alimwuliza, bila kumtazama, "Maji yote haya unayapeleka wapi?"

"Unataka nikuambie?"

Mureithi alipigilia msumari ambao ulikuwa umekwisha kuzama.

"Usimlete mchungaji hapa," Wanjugu akanong'ona. "Wala mtu yeyote wa kumfukuza. Umesikia, Baba Mugure? Huyu mtoto nimemzika mara moja. Sitamzika tena."

Aliyevunja ukimya ule alikuwa Ethuro. Alileta jerikeni mbili za maji nyumbani mchana wa Alhamisi, akabisha hodi, akapiga salamu, "Ejok, mama, ejoka," hakuna aliyeitika. Akazunguka nyuma. Akasikia Wanjugu akizungumza bafuni, akicheka, na akasikia kinachomjibu. Ethuro hakuwa amewahi kuwa na mtoto aliyekufa. Yeye hakusikia mtoto. Alisikia mchanga ukitiririka ndani ya shimo refu.

Aliziacha jerikeni palepale, akaendesha gari mpaka ofisini, akamkuta Mureithi amekaa mbele ya pampu iliyofunguliwa.

"Mzee, mama anaongea na nani?"

Mureithi aliinamia pampu.

"Mzee, wewe unajua. Naona kwa macho yako unajua. Hiyo kitu sisi tunaita ekipe. Nyinyi mnaita jini. Inakula mama polepole. Twende sasa, tafadhali."

Walifika saa nane imepita kidogo. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati na hewa ilikuwa inacheza kama maji. Mureithi alikwenda mpaka kwenye mlango wa bafu, akaweka jicho kwenye ufa ambao yeye mwenyewe aliuacha baina ya mbao mbili, na ndani akamwona mke wake amepiga magoti, kikombe mkononi, akimwaga maji taratibu juu ya mahali ambapo hapakuwa na kitu, na yale maji hayakuanguka moja kwa moja, bali yalisimama kwanza kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne, yakatandaa juu ya kichwa kidogo cha duara, yakashuka kwenye mabega, yakafuata mgongo mwembamba ambao aliujua kwa sababu aliubeba mikononi kutoka hospitalini, na Mureithi akiwa bado anatazama, kile kichwa cha maji kiligeuka polepole kuelekea ufani, kikamwonyesha uso ambao maji yaliteremka juu yake pasipo kukutana na jicho, wala pua, wala mdomo.

"Mama, shuka," sauti ilisema, tamu, yenye mkwaruzo. "Huku chini maji ni mengi."

Jiwe la katikati likazama, kama mfuniko uliosukumwa, na Wanjugu, akitabasamu, akaingiza mguu wake mpaka gotini.

Mureithi alivunja mlango. Alimkamata mke wake chini ya makwapa akavuta, na kitu upande wa pili kikavuta, kwa nguvu isiyo na haraka, nguvu ya mchanga uliolowa. Wanjugu alimpiga usoni, akamng'ata mkono.

"Niache! Ananiita! Ananiita mimi!"

Ethuro naye alishika, na wawili wakamtoa. Mguu ulitoka mweupe, umekunjamana, umejaa alama za vidole vidogo. Wanjugu alilia kilio ambacho hakuwa amekilia siku ya mazishi, wakati ule watu walikuwa wengi na alilazimika kuwapa chai.

Mureithi alichukua mtaimbo, akayang'oa mawe yote kumi na mawili kabla jua halijazama. Chini ya mawe mengine udongo ulikuwa mkavu kama majivu. Chini ya lile la katikati palikuwa na mchanga mweupe, laini, wa mtoni, ambao haupatikani kwenye kiwanja kile. Wakapakia, Wanjugu akaketi mbele katikati yao, wakaenda Kakuma. Nyuma ya gari mawe yaligongana, na baina ya mgongano na mgongano Wanjugu aliinua kichwa akasikiliza.

Ethuro aliwapeleka kwa mama mkubwa wake, Nakal, bibi kizee mwenye shanga zilizompanda mpaka kidevuni, ambaye watu wa upande ule humwendea wakisumbuliwa na vitu visivyoonekana. Aliwalaza kwenye boma lake. Asubuhi aliomba tumbaku, akanusa, akayatazama mawe, akautazama mguu wa Wanjugu, akaupaka mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Kisha akazungumza, Ethuro akafasiri.

"Anasema alikuwa msichana bado, na mtoto wa kwanza. Njaa ilikuja, watoto wakaisha. Wanawake wakachimba kisima huko Tarach, wakaenda chini, chini, watu sita wakisimama mmoja mabegani kwa mwingine. Hawakupata maji. Wakapata hiyo. Inakaa mahali pa kiu. Ikasikia vile wanalia, ikajifunza sauti ya watoto. Usiku na mchana inaita. Mama mmoja akashuka, mchanga ukamfunika. Mwingine akashuka. Saba waliisha hivyo. Halafu wale waliobaki wakaleta mawe. Kila mama aliyefiwa, jiwe yake moja, na anaweka huku mtoto wake anamwita, na haitiki."

Nakal alisema neno moja tena, taratibu, akimtazama Mureithi.

"Anasema wewe ulibeba mama kumi na wawili."

Wanjugu akauliza kwa sauti ndogo, "Mwulize. Ni mtoto wangu aliye mle? Hata kidogo tu?"

Ethuro aliuliza. Nakal aliunyoosha mkono wake mkavu akamshika Wanjugu shavu.

"Anasema hapana, mama. Anasema na yeye aliuliza hivyo."

Walifika kwenye kisima kabla ya saa sita. Rundo lilikuwa limebonyea katikati, na mchanga wa pale ulikuwa umelowa, katika nchi ambayo haikuwa imeona mvua kwa miezi mitano. Nakal alimwaga maziwa kutoka kwenye kibuyu, akaimba kwa sauti ya kukwaruza, akawaambia waweke mawe kumi na moja. Waliyaweka. La kumi na mbili, alisema, aliweke yule aliyeiitika sauti, kwa mikono yake, na asiijibu tena.

Wanjugu alilibeba kifuani kama mtoto. Alipofika ukingoni sauti ikaanza, na haikuwa kubwa.

"Mama, kuna giza."

Wanjugu alisimama. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye jiwe, lakini midomo aliifunga. Alipiga magoti.

"Mama, nimefanya nini?"

Akaliweka. Akaondoa mikono. Kila mtu alingoja. Kisha maji yakaanza kutokeza pembeni mwa jiwe, meusi, yakinuka tope, na jiwe likainuka kidogo, likashuka, likainuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Nakal alitikisa kichwa. Alisema kitu kwa ukali.

"Si yeye," Ethuro akafasiri. "Anasema si mama aliyeitika kwanza. Kuna mwingine mbele yake. Nani?"

Upepo ulipita juu ya mto mkavu. Mureithi alikuwa amesimama nyuma, amekamata mtaimbo kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema.

Wanjugu aligeuka.

"Ile Jumamosi," Mureithi akasema. "Nilipolaza jiwe la katikati. Aliniita. Alisema, Baba, unatengeneza nini? Kama alivyokuwa akiniuliza kila mara. Nami nikamjibu. Nikamwambia, bafu la mama yako."

"Ulimsikia?" Wanjugu akanong'ona. "Ulimsikia kabla yangu, ukaniambia ni simenti?"

"Niliogopa ukijua utaleta mtu amtoe. Kila alfajiri ukienda mtoni nilikuwa nakwenda pale kukaa. Dakika chache tu. Halafu nikaanza kukusikia na wewe ukizungumza naye, na nikaona unavyokonda, nami bado sikusema." Akamgeukia mke wake. "Nilijua si yeye, Mama Mugure. Tangu siku ya kwanza nilijua. Lakini ilikuwa sauti yake."

Wanjugu alisogea tu, akamwachia nafasi.

Mureithi alitupa mtaimbo. Aliliinua lile jiwe, na chini yake palikuwa na tundu dogo, si pana kuliko sahani, lenye giza lililokuwa likipumua, na kutoka humo sauti ya binti yake ikamwita. Ilimwita Baba. Ilimwuliza kwa nini alivunja kitanda chake, na sasa atalala wapi. Ilimwambia hajamaliza dawa zake, kwamba atazimeza zote, hata ile chungu, kama atamtoa, ikasema miguu imepata baridi, ikasema mchanga unaingia mdomoni, ikaomba, ikacheka kidogo kama achekavyo mtoto anayetumaini kwamba mambo ni mchezo, ikalia tena, na kwa muda huo wote yule mtu ambaye kwa miaka miwili hakuwa amekaa na mikono mitupu alipiga magoti juu ya tundu, jiwe limemwelemea mapajani, machozi na kamasi vikimdondoka, na taya zake amezibana mpaka jino moja la nyuma likapasuka, watu wakasikia.

Alilishusha taratibu, kama mtu anayefunika uso kwa shuka. Lilipokaa, mkono wake, kwa mazoea ya kazi, uligonga juu yake mara tatu kuona kama limetulia.

Kutoka chini pakagongwa mara tatu.

Kisha maji yaliyokuwa pembeni yakanywewa na mchanga, na jiwe likapauka mbele ya macho yao, na joto la jua likapanda juu yake kama juu ya mawe mengine. Nakal alitema mate ya baraka kwenye vifua vyao wote wawili. Ethuro alikuwa amekaa chini na kichwa baina ya magoti.

Walirudi Lodwar siku hiyo hiyo. Mureithi hakuijenga tena sakafu ya bafu. Aliacha udongo. Kwa wiki nyingi Wanjugu hakusema naye ila la lazima, na Mureithi hakulalamika. Mguu wa Wanjugu ulipona, lakini alama nne za vidole zilibaki juu ya kifundo, na hazikutoka maisha yake yote.

Ilikuwa Agosti, Jumapili moja baada ya kanisa, Wanjugu alipomkuta mume wake ameketi chini ya kile kivuli cha makuti, hana nyundo, hana randa, mikono imelala juu ya mapaja. Akamwambia, "Twende."

Walikwenda nyuma ya misheni. Tangu siku ya mazishi hawakuwa wamefika pale pamoja. Upepo ulikuwa umelisawazisha kaburi na ardhi, na waliligundua kwa sababu Mureithi alikumbuka hatua kutoka kwenye ukuta. Wakaketi juu ya mchanga wa moto, mmoja huku, mwingine kule. Mureithi alilia, safari hii kwa sauti, akilitaja jina, Mugure, Mugure wangu, na Wanjugu alimwacha alie mpaka akamaliza.

Baadaye akamwuliza, "Baba Mugure, alikuwa anaitaje?"

"Nini?"

"Mtoto. Sauti yake mwenyewe, kabla ya kile kitu. Alipokuwa mlangoni, alipokuwa anataka uji. Ilikuwaje?"

Mureithi alifungua mdomo. Aliitafuta. Aliuona uso wa mtoto vizuri, aliona vishikizo vya gauni lake la njano, aliona jino lililotoka kombo. Alimwona anakuja mbio kutoka kwenye geti, midomo imefunguka. Alisubiri amwite.

"Kaa tu," Wanjugu akasema, akamshika mkono. "Hata mimi nasikia ile nyingine tu, ya kisimani."

Wakakaa mpaka kengele ya misheni ikalia.